Mvua Zilizonikuta kwa Baba

Jumamosi, 9 Machi

Paa limekwenda. Sitaandika sana. Mvua ya kwanza ya msimu imekuja na upepo ulioyang'oa mabati ya upande wa chumba cha kulala na kuyatupa kwa jirani. Nimeokoa godoro, nguo na cherehani. Nalala karakana, juu ya kochi la mteja ambalo bado sijalivika kitambaa.

Jumapili, 10 Machi

Mwenye nyumba amepanda juu akashuka akitikisa kichwa. Kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, zimeoza. Ataezua lote na kuezeka upya, mvua zikimpa nafasi. Maana yake ni mwezi, labda miwili.

Nimempigia mama. Nilitegemea aseme njoo. Amesema, "Kwangu chumba ni kimoja na mimi nimezoea kukaa peke yangu. Nenda kwa baba yako, yeye ndiye mwenye vyumba." Mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka anastaafu. Akishasema, amesema.

Sijawahi kulala kwa baba tangu aoe tena. Huwa napita kusalimia, nakunywa chai, naondoka kabla kikombe hakijapoa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika na godoro kichwani, na nilichokikuta sebuleni kimenifanya nisahau kulitua.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni la maji ya moto mbele yake, na mguu wa binti yake mdogo juu ya goti. Alikuwa anamkausha katikati ya vidole. Kimoja kimoja, kwa ncha ya taulo, kama mtu anayesafisha kioo cha saa. Alipomaliza akapuliza. Kisha akachukua mguu wa pili.

"Vidole vikibaki na maji vinawasha," akaniambia, kana kwamba nimeuliza.

Mtoto ana miaka sita. Wanamwita Pamba. Alikuwa anasimulia habari za shule huku ameuachia mguu kabisa, kama si wake.

Baba ninayemjua mimi aliendesha lori la masafa marefu. Aliingia nyumbani na harufu ya dizeli, akaweka begi nyuma ya mlango, akauliza, "Shule inaendaje?" na kabla sijajibu alikuwa ameshageukia mambo mengine. Akiondoka alimuaga mama, mimi akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya mlango. Nina miaka thelathini na sita na sikumbuki mkono wake ukiwa kichwani kwangu.

"Dada, tua godoro basi," mke wa baba akasema. "Shingo itavunjika."

Jumanne, 12 Machi

Sare ya Pamba ilipigwa pasi jana jioni. Leo asubuhi baba ameipiga tena, dakika ya mwisho, ili mtoto aivae ikiwa ya moto.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Baba ameweka dawa ya meno kwenye mswaki wa Pamba na kuulaza juu ya kikombe, tayari. Nimeutazama mswaki ule mpaka mama mdogo, mke wa baba, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ijumaa, 15 Machi

Kazi imelala. Nani anatengeneza makochi wakati wa mvua? Ninacho kiti kimoja cha daktari wa meno, na seti ya mwalimu mkuu mstaafu ambayo sponji lake limekuwa unga. Narudi nyumbani mapema na kwa hiyo naona mengi.

Nimeona baba akipooza maziwa kwa kuyamimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, juu kwa juu, bila kumwaga tone, huku Pamba akihesabu. Nimeona akimkatia mkate na kumpa katikati palipo laini, yeye akala kingo.

"Baba, unapenda kingo za mkate?"

"Sizipendi," akasema, akaendelea kuzitafuna.

Kubwa kuliko yote nimeliona jioni hii. Kabla Pamba hajaingia kitandani, baba anatangulia. Anajilaza pale, mzee wa miaka karibu sabini, mgongo wenyewe wa kukaa na usukani maisha yote, magoti yamekunjwa kwa sababu kitanda ni kifupi. Nimedhani ameanguka. Nimekimbilia.

"Nakipasha joto," akasema. "Shuka zimepoa na hii mvua."

Nimeduwaa pale mlangoni. Pamba alikuwa nyuma yangu na gauni lake la kulalia, akisubiri kitanda chake kiive.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimesema. Mama mdogo alikuwa amerudi kutoka kiwandani. Anafanya zamu ya alfajiri kwenye tanuri la mikate, ndiyo maana asubuhi yote ni ya baba na mtoto. Yeye ananiita dada na mimi namwita mama mdogo, na siku ya kwanza tulicheka wote wawili maana nimemzidi umri. Alikuwa anakung'uta unga mikononi.

"Mama mdogo, huyu mtoto mnamharibu. Samaki mkunje angali mbichi."

"Mimi simo," akasema. "Mimi mwenyewe nilishangaa. Nilipojifungua nilikuwa naogopa hata kumwogesha, ile shingo inavyolegea. Baba yenu akamchukua kama mtu aliyezoea. Akaniambia shika hivi, kichwa kiegemee hapa kwenye kiwiko, maji yaanzie miguuni asishtuke. Akilia usiku anajua kama ni njaa au tumbo. Mimi nikasema moyoni, huyu amejifunzia kwa binti yake wa kwanza."

"Kwangu?"

"Kwa nani mwingine? Si wewe ndiye wa kwanza?"

Kwangu hakujifunza mtu kitu.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kutwa. Nimeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya wazo moja.

Madereva wa malori nawajua, nimewashonea viti vyao miaka mingi na wanapiga soga mbele yangu kana kwamba mimi ni sehemu ya kiti. Wengi wana nyumba mbili. Mmoja ana tatu na anajisifu. Mtu hajui kuogesha kichanga kwa kukitazama kwenye picha. Kama baba hakujifunzia kwangu, basi amejifunzia kwa mtoto mwingine, mahali fulani njiani. Kuna mtu wa umri wangu ambaye alikaushwa vidole.

Nimewaza hivyo na nimeona aibu, lakini nimewaza tena.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua tu.

Jumapili, 24 Machi

Nimempigia mama na kumuuliza bila kuzunguka: baba alikuwa na mtoto mwingine barabarani?

Mama alicheka. Kicheko cha mama ni kitu adimu, na hunitia wasiwasi zaidi kuliko kunifariji. "Yule? Yule alikuwa anaona haya hata kununua maji kwa mwanamke asiyemjua. Utingo wake ndiye aliyekuwa anashuka."

"Basi kulea alijifunzia wapi?"

Hapo kicheko kikakatika. Akasema ameacha kitu jikoni, akakata simu. Mama hajawahi kusahau kitu jikoni tangu nimjue.

Alhamisi, 28 Machi

Barabara ya mtoni imekatika. Baba na mama mdogo walikuwa ng'ambo, wote wawili, na mimi nimekaa na Pamba toka mchana hadi jioni.

Nikasema leo ndiyo leo. Nitamwonyesha kwamba dunia si taulo la moto. Tulitakiwa kwenda dukani. "Vaa viatu mwenyewe," nikamwambia, nikakunja mikono kusubiri kilio.

Akavaa. Akafunga kamba zote mbili, fundo safi, masikio mawili yanalingana. Kisha akanitazama kama aniulizaye tunasubiri nini.

Tuliporudi akavua, akavipanga, akakausha miguu yake mwenyewe, akajimiminia maziwa, akafua soksi zake na kuzianika nyuma ya jiko. Kikombe chake akakiosha. Nilikuwa namfuata vyumba vyote kama mpelelezi.

"Pamba, nani amekufundisha?"

"Baba."

"Na kama unajua, mbona kila siku anakufanyia yeye?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, na uso wake ukawa wa mtu mzima anayetafuta namna ya kusema jambo bila kumuumiza mtu. "Anapenda," akasema. "Nikivaa haraka mwenyewe anabaki amesimama tu na taulo."

Nimekaa kwenye kiti. Mimi nilidhani ni mtoto anayedekezwa. Kumbe nyumba hii kila mtu anamdekeza mwenzake na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina habari.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua nyepesi. Mwenye nyumba anasema mbao zimefika lakini zimelowa. Nimejikuta namsaidia Pamba kuchana nywele. Mkono wangu ni mzito, amevumilia.

Jumamosi, 6 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kitambaa.

Karakana imeanza kuvuja, kwa hiyo kazi ya mwalimu mkuu nimeileta nyumbani. Mahameli ya zambarau, kipande cha mwisho dukani. Nilikitandaza juu ya meza ya sebuleni, nikachora kwa chaki, nikaenda barazani kupokea simu ya mwenye nyumba. Niliporudi Pamba alikuwa amesimama juu ya kiti na mkasi wangu mkubwa. Alikuwa amekata duara katikati kabisa ya kitambaa. Zuri, la mviringo. Blanketi la mwanasesere.

Nimepiga kelele ambayo sikuitambua. Mtoto akanitazama, na machoni hakuwa na hofu, alikuwa na mshangao tu, kama mtu anayesikia lugha ngeni. Nadhani mshangao huo ndio ulionipandisha. Mimi katika umri ule, kwa kosa dogo kuliko hilo, ningekuwa tayari nimejikunja pembeni. Yeye alikuwa amesimama wima, akisubiri nimweleze.

Nikainua mkono. Nakumbuka nikiuona mkono wangu juu. Kisha ukashuka, na kilichokuwa mbele yake hakikuwa shavu la mtoto bali kifua cha baba. Sijui alitokea wapi. Hakunishika, hakunisukuma. Alijiweka tu pale katikati, na kofi likampata yeye.

Nimempiga baba yangu.

Mkasi ulianguka. Mama mdogo alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi, hakujua aiweke wapi.

"Pamba, mama, nenda chumbani," baba akasema kwa sauti ya kawaida. Mtoto akaenda. Kisha akanigeukia. "Kwangu mtoto hapigwi."

"Mimi nilipigwa."

"Sikukupiga mimi."

"Hukunipiga, hukunishika, hukunifanya chochote. Heri ungenipiga. Angalau ningejua mkono wako ukoje."

Maneno yalitoka yenyewe. Sikujua kama yamo. Baba alikaa chini polepole. Aliokota kile kitambaa, akaanza kukikunja kwa uangalifu, tundu likaangukia juu ya tundu.

"Nilikushika," akasema. "Nilikushika mpaka nilipokatazwa."

"Nani alikukataza?"

Akamaliza kukunja. "Hilo muulize mama yako. Nilimpa neno langu kwamba sitamsema, na sitamsema."

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda kwa mama asubuhi, kwa miguu, mwavuli umegeuzwa na upepo nikautupa njiani. Alikuwa amekaa karibu na dirisha anapiga viatu rangi.

Sikusalimu. Nimesema pale pale mlangoni, "Jana nimempiga baba kofi."

"Ingia, unaloa," akasema mama.

Nikaingia. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Brashi ilikuwa inakwenda na kurudi juu ya kiatu, haikusimama hata nilipofika pale pa kukatazwa.

"Amekaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotegemea," akasema. "Ndiyo. Nilimkataza mimi."

Alisema kama mtu anayekutajia leo ni siku gani.

"Ulikuwa hujatimiza hata mwaka alipoanza safari za mbali," akasema. "Akirudi, amerudi kwako. Anakuogesha yeye, anakulisha yeye, anakulaza kifuani kwake na nguo za safari hajavua. Unatembea lakini hukanyagi chini, uko mabegani. Nikisema mtoto hajala, anatafuna yeye kwanza kuona kama chakula ni kigumu. Siku tatu, nne, tano. Halafu honi inalia nje na yeye anaondoka."

Akageuza kiatu.

"Unajua nani alikuwa anabaki? Mimi. Unakaa mlangoni unamsubiri. Huli. Unalia mpaka unatapika. Unapata homa, naenda nawe hospitali, daktari anapima hivi na hivi, haoni ugonjwa. Wiki nzima. Ukianza kutulia, lori hilo hapo, linarudi, tunaanza upya. Na akiwepo, mimi hunijui. Mimi niliyekesha. Nikikushika unanisukuma kwa mguu."

"Nilikuwa mtoto."

"Najua ulikuwa mtoto. Sikusema nilikuchukia. Wivu ulikuwepo, sitakudanganya, lakini haukuwa mkubwa kama woga. Ulikuwa umekonda, shingo kama ya kifaranga. Nikamwambia baba yako, chagua. Acha lori, au acha kumdekeza. Huwezi kumfungulia mtoto bomba la maji kisha ukaondoka na ufunguo."

"Akachagua lori."

Hapo brashi ikasimama. "Tungekula nini? Mshahara wangu wa bweni ulikuwa wa kununulia sabuni. Usimsingizie. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Safari iliyofuata alirudi, ukamkimbilia, akakupita. Aliweka begi nyuma ya mlango. Akaniuliza habari za nyumbani na sauti haitoki vizuri. Kisha akasema anakwenda kuangalia tairi. Nilimwona dirishani. Alikuwa amekaa ndani ya lori, kichwa juu ya usukani, na mabega yanakwenda hivi."

Mama akaonyesha kwa mabega yake. Alifanya mara moja tu, akaacha.

Nimekaa pale nimeshika kikombe ambacho sijui nilipewa saa ngapi. Miaka yote hii nimekuwa upande wa mama. Walipoachana nilikuwa upande wake. Baba alipooa tena nilikuwa upande wake. Nilikuwa na hadithi yangu, na ndani yake mama ndiye aliyebaki na baba ndiye asiyenitaka.

"Ikawaje?" nikauliza.

"Ilifanya kazi," akasema. "Ndani ya mwezi uliacha kulia. Ulianza kula. Ulivaa mwenyewe, ulioga mwenyewe. Nikawa nawaambia wenzangu kazini, mwanangu ana miaka minne na halii."

Akakitazama kiatu. Kilikuwa kinang'aa tangu zamani.

"Nilikuwa najisifu," akasema.

Jumatatu, 8 Aprili

Sijafanya kazi. Pamba amekuja na lile duara la mahameli amelikunja mara nne. "Shika, dada mkubwa," akasema. Nimemwomba radhi. Imenichukua muda, kwa sababu katika umri wake hakuna aliyewahi kuniomba radhi na sikujua maneno yanaanzia wapi. Akasubiri mpaka nikayapata.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Nilikuwa karakana nimeweka ndoo kila pembe, sikutarajia mtu. Baba ameingia amelowa kuanzia kofia hadi viatu. Akafungua vifungo vya shati, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake mahameli ya zambarau, makavu kabisa. Amezunguka maduka yote ya mjini. Hakusema. Nimejua kwa sababu viatu vyake vimefunguka soli.

"Nimekwenda kwa mama," nikasema.

"Najua. Amenipigia." Akakaa juu ya fremu ya kochi, penye mbao tupu. "Tangu tuachane hajawahi kunipigia. Nikadhani kuna msiba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yako alikosea? Mimi kilio chako nilikuwa nakisikia mpaka ninapoingia barabara kuu, baada ya hapo nasikia injini. Yeye alibaki nacho ndani ya nyumba. Mtu aliyebaki na kilio ndiye mwenye haki ya kusema kinyamaze."

"Ungerudi baadaye. Nilipokuwa na akili."

"Nilijaribu." Alikuwa anakamua kofia juu ya ndoo. "Ulikuwa unakaribia kumaliza shule ya msingi. Tulikuwa tunavuka barabara, nikakushika mkono. Ukauchomoa. Ukaniambia, 'Najua kuvuka.' Na kweli ulijua. Ukatangulia wewe, mimi nikabaki upande ule nangoja magari yapite."

"Sikumbuki hilo."

"Mimi nakumbuka."

Tumesikiliza maji yakidondoka ndani ya ndoo, kila moja na sauti yake. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na yote yalikuwa ya hasira, na kila nililolishika halikuwa na mtu wa kumpa. Mama hakuwa mkatili. Baba hakuwa baridi. Walimponya mtoto kwa dawa waliyokuwa nayo, na mtoto akapona, ndiye huyu.

"Kifua kinauma?" nikamuuliza. Nilimaanisha lile kofi.

"Una mkono wa fundi," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hizi tumecheka.

Jumapili, 14 Aprili

Baba amenimenyea chungwa. Alilitoa utando mweupe wote, akanipa kipande kwa kipande, na hatukutazamana. Nimekula lote. Silipendi sana chungwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Jua la asubuhi, mvua ya jioni. Mabati yamepandishwa. Mama mdogo ameleta mkate ungali wa moto na kuniambia kingo ni za baba, mimi nisiguse. Nimemaliza seti ya mwalimu mkuu. Amepapasa mahameli akasema hajui jinsi ya kunishukuru, nami nikamwambia kwa kitambaa amshukuru mzee mmoja.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua imepungua mpaka imekuwa kama mtu anayetafuta sababu ya kuaga. Pamba ameuliza nikihama nitakuwa nalala na nani. Nimesema peke yangu. Amenihurumia waziwazi.

Jumamosi, 4 Mei

Nimerudi kwangu. Bati jipya, linang'aa mpaka majirani wanalalamika. Baba alifunga mizigo kwenye mkokoteni kwa mafundo ya lori, hakuna kilichotikisika njia nzima. Walipoondoka, yeye na Pamba na mama mdogo, nilibaki nikipanga vitu, nikasikia hodi.

Ni mama. Alikuwa na ufagio aliokuja nao kutoka kwake, kana kwamba kwangu hakuna. Akafagia. Akafuta madirisha. Akahamisha meza niliyokuwa nimeshaiweka. Alifanya kazi kama anakagua bweni, na mimi nikawa namfuata kama mwanafunzi wa zamu. Kazi ilipokwisha hakukaa wala hakuondoka. Alisimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia, na sijawahi kumwona mama na mikono isiyo na kitu.

"Nikufanyie nini?" akauliza.

"Tumemaliza, mama. Kila kitu kiko mahali pake."

"Sisemi kazi." Akalitazama bati. "Nasema wewe. Nikufanyie nini?"

Nilishtuka kuliko siku paa liliporuka. Niko hai miaka thelathini na sita na sijui hata kimoja ninachopenda nifanyiwe, maana kila kitu nilikiwahi mwenyewe kabla mtu hajauliza. Mama akasubiri. Nikaona amejiandaa kusubiri sana.

"Nikune mgongo," nikasema. Ndicho kilichokuja.

Hakucheka. Alivuta kiti, akanigeuza, akaanza kukuna juu ya blauzi kama anayesugua sufuria iliyoungua. Aliniuliza wapi. Nikamwambia juu, katikati ya mabega, kushoto kidogo. Vumbi la masponji ya watu linaingia pale tangu nianze kazi. Watu husema kila mtu hujikuna ajipatapo, na pale mimi sijawahi kupapata.

"Hapa?" akasema mama.

"Hapo."

Mkono wake ukapunguza nguvu, ukatulia, ukawa unakwenda taratibu. Mwasho uliisha mapema. Sikumwambia.